Kiboko Wako Amekuwa Unga

Mpendwa Baba,

Kiboko wako amekuwa unga. Nakuambia hilo mwanzo kabisa kwa sababu hukupenda mtu azungukezunguke na habari mbaya. Jumamosi iliyopita, pale karakana yako Kanyakine, nilitia mkono ndani yake vile ulivyonifundisha, vidole vinne juu na kidole gumba chini, nikamfungua kinywa mara moja tu. Sponji ikakatika bila sauti, kama mkate uliokaa siku nyingi. Nilipotoa mkono ulikuwa wa manjano mpaka karibu na kiwiko, unanata, na taya la chini lilikuwa limebaki kwenye kiganja changu.

Nakuandikia kwa Kiswahili, kama zile barua nilizokuandikia kutoka bwenini. Ulisema Kimeru ni cha kuongea na Kiswahili ni cha kuandika, nami sijawahi kuizoea njia nyingine.

Unakumbuka alivyozaliwa huyu kiboko? Mama alikuwa amefariki, mimi niko darasa la tatu, Mwenda bado hajaanza shule. Baada ya mazishi ulinyamaza. Watu wakileta viti vyao vilivyopasuka, ulivipima, ukaandika kwa penseli kwenye mbao, ukaitikia kwa kichwa. Nyumbani tulipata maneno matatu kwa siku: amkeni, kuleni, laleni. Sikukulaumu. Niliogopa tu kwamba hata hayo matatu yangekwisha.

Halafu mwalimu wa maigizo akaja kutoka shuleni. Watoto walikuwa wanaenda mashindanoni na mchezo wa Kiswahili wenye kiboko ndani, na fundi wa viti ndiye mtu pekee aliyekuwa na mabaki ya sponji. Alikuachia kitabu chenye picha ya kiboko, ndogo kama kiberiti. Wewe mtu wa milimani ulikuwa hujawahi kumwona kiboko maishani mwako. Ulikata sponji kwa kisu cha mkate ulichochovya kwenye maji ya sabuni. Ngozi ulitoa kwenye blanketi la kijivu, meno kwenye mtungi mweupe wa plastiki, na macho yalikuwa vishikio vya kabati. Ulimi ulikuwa mabaki ya mahameli nyekundu ya kochi la mchungaji, na mpaka leo nikikumbuka mchungaji ameketi juu ya ndugu za ulimi wa kiboko nacheka peke yangu.

Mwalimu alimzunguka mara mbili.

“Fundi,” akasema, “huyu ni kiboko ama ni ng’ombe anaumwa na meno?”

Ulimtengenezea mwingine, mkubwa, wa kuvaliwa kichwani, na yule wa kwanza ukambeba nyumbani chini ya koti. Jioni ile Mwenda alikuwa amekataa chakula tena. Ulikaa ukimtazama. Kisha ukamtoa kiboko, ukamvaa mkononi, ukainamisha yale macho ya kabati mpaka kwenye sahani ya mtoto. Sauti iliyotoka sikuijua. Ilikuwa nzito, ya puani, na ilikuwa ya Kiswahili kwa sababu mnyama mwenyewe alitengenezwa kwa mchezo wa Kiswahili.

“Wewe. Hiyo mukimo unakula, ama nikusaidie?”

Mwenda alicheka hadi akapaliwa. Kisha akala.

Kuanzia siku hiyo nyumba yetu ilikuwa na watu wanne. Kiboko ndiye aliyeuliza nani amelia shuleni, nani ameficha daftari. Mwenda aliwaambia wenzake kwamba kwetu kuna kiboko ambacho hakichapi, na hawakuelewa kabisa. Siku moja, tukiwa tumekunywa maziwa ya shule ya zile pakiti za pembetatu nami nimekuletea yangu nusu, nilimuuliza kiboko, si wewe: “Baba hulia?” Alifungua kinywa, akakifunga, akakifungua tena. “Hulia akipiga misumari,” akasema, “ndiyo msimsikie.” Ulikuwa umegeuza uso ukiangalia ukutani.

Na ile karakana, Baba. Shule nyingine zilisikia, na kila muhula wa mashindano mabati yako yalifunika wanyama. Simba mwenye manyoya ya katani, mkonga wa tembo uliotoshea watoto wawili, mamba wa shule ya Kibirichia waliosafirishwa juu ya magunia ya viazi. Walining’inia kwenye boriti kati ya miguu ya viti. Harufu ya gundi na sponji mpya iliniingia kwenye nguo za shule, na nilikaa mbali na dirisha darasani ili isinitoke haraka. Ulinipa mkasi ule mdogo nikate masikio. “Punguza kidogo,” ulikuwa ukisema. “Angalia. Punguza tena.” Katika kazi hiyo ulikuwa unaongea kwa sauti yako mwenyewe, na nilifikiri ni mimi niliyekuponya.

Ndiyo maana nilifanya nilichofanya nikiwa na miaka kumi na miwili. Ulitukalisha mezani, ukamvaa kiboko, na kiboko akasema: “Kuna mtu anataka kuja kukaa nasi. Anatoka Kianjokoma. Anaitwa Wawira.” Laiti ungetuambia wewe. Niliona umemtuma rafiki yangu anisaliti. Asubuhi yake nilichukua ule mkasi mdogo nikampasua kiboko kutoka pembe ya mdomo mpaka sikioni. Ulimkuta mezani. Hukunipiga. Ulimpangusa kwa kiganja, ukamweka juu ya kabati, ukaenda kazini.

Wawira alikuja kuwa mke wako, na kikapu kimoja na Kiembu chake, sisi tukimcheka matamshi. Wewe ukawa umenyamaza tena. Miezi ilipita hivyo, wanne ndani ya nyumba moja tukisikia vijiko tu. Halafu jioni moja kiboko akarudi mezani, kinywa kimeshonwa. “Niliumwa na jino,” akasema. “Daktari amenishona. Makena, habari ya shule?” Nililia mbele ya kila mtu. Nilijua umenisamehe, umekaa karakana ukanishonea rafiki yangu kwa mkono wako. Hicho kitu nilikibeba miaka yote, Baba, hata siku tulipokuzika. Kwa Wawira sikubeba kitu. Nilimwita Wawira hivyo hivyo, jina tupu, mtu wa umri wa mama yangu, na hakuna aliyenikanya.

Sasa nikueleze ya Jumamosi.

Wawira alinipigia simu nikiwa duka la sare, hapa Embu mjini. “Makena, kuja. Paa la karakana limeingiza maji upande wa wanyama.” Nilipofika nilimkuta nyuma, kitambaa puani, jembe mkononi. Alikuwa amechimba shimo kando ya migomba, na ndani yake nilimwona simba wako, nusu uso. Mkonga wa tembo ulikuwa umevunjika vipande kama udongo mkavu.

Sikumsalimu. Nilimwambia, “Unazika vitu vya Baba bila kuniuliza?”

“Vimekuwa unga, Makena. Nimekohoa wiki nzima. Nilitaka kuchoma, jirani akasema moshi wa sponji ni sumu.”

“Hukuwahi kuvipenda.”

Aliegemea jembe. Amezeeka, Baba. Mgongo umeanza kumvuta chini. “Ingia ndani,” akasema. “Wako nimemweka kando.”

Alikuwa juu ya meza yako ya kazi, ndani ya katoni, amefungwa kwenye foronya safi. Ndipo nilipotia mkono na taya likabaki kiganjani. Nilikaa kwenye kigoda chako nikalia kama mtoto. Nikajaribu kurudisha taya mahali pake, na kila nilipogusa pakamomonyoka zaidi. Mwishowe ikabaki ngozi tu ya blanketi, tupu, imelala juu ya magoti yangu, na mwanga wa mlangoni ukapiga ule mshono wa mdomoni.

Nimeuza na kurekebisha sare miaka ishirini. Mshono naujua. Wewe ulishona kwa uzi wa katani na ile sindano iliyopinda, hatua kubwa kubwa, za kushikilia mtu mzito akikaa. Huu ulikuwa mdogo, uzi wa sufu ya kijivu, unapishana pishana kama ule wa kumalizia mkono wa sweta. Nilimtoa nje kwenye jua nikaangalia tena.

“Wawira,” nikasema. “Nani alishona hapa?”

“Kwani wewe ulidhani ni nani?”

Akaketi kwenye ukingo wa shimo lake, akafungua kitambaa puani.

“Tangu amweke juu ya kabati, baba yako hakuweza kumgusa tena,” akasema. “Mwishowe akaniambia, mtoto amesema anachotaka na mimi nimesikia. Akaniambia nifunge kikapu changu, atanisindikiza kwetu Jumapili.”

“Alitaka kukurudisha?”

“Alitaka. Mimi nikamwambia nipe siku mbili. Mkiwa shule nikamshona huyo mnyama wenu. Sikujua kushona sponji, sindano ilikuwa inazama tu, nikatoboa vidole. Jioni nikampa mkononi. Akasema, Makena atakasirika. Nikamwambia, wacha akasirike, lakini akiwa anaongea. Hii nyumba mtakufa nyote mkiwa kimya.”

Nilimuuliza mbona hakuniambia, miaka yote hii, mbona hata wewe hukuniambia.

“Yeye nilimkataza. Ungejua ni mimi, ungezifungua hizo nyuzi.”

Ni kweli, Baba. Ningezifungua usiku huohuo, moja baada ya nyingine.

Nilisimama pale na ngozi ya kiboko mkononi, na nikatamani sana awe mzima, nimvae, aseme yeye. Maneno yalikuwa mazito kwangu. Lakini hakuwa na kinywa tena, na mama huyu alikuwa amekaa chini mbele yangu akipangusa udongo kwenye kiatu. Nikapiga magoti. Nikamwambia nisamehe. Nikamwambia kwamba nilimkosea akiwa mgeni, nikaendelea kumkosea akiwa mwenyeji, na kwamba mtu niliyekuwa nikimshukuru moyoni kwa zile nyuzi alikuwa yeye, ila sikumjua. Nilisema kwa Kimeru, kwa sauti yangu.

Sikumwita mama. Ningekudanganya nikikuambia nilimwita. Alinishika kichwa kwa mikono miwili, ile michafu, akasema, “Sawa. Sasa niletee maji ninywe, hii kazi haijaisha.”

Tuliimaliza pamoja. Sponji yote ilienda shimoni, ya simba na ya kiboko, na mimi ndiye niliyefukia. Ngozi tuliifua kwa maji ya vuguvugu, tukaianika kwenye ua. Mwenda nilimpigia simu nikampa habari. Akauliza kama ulimi umepona. Nikamwambia umepona, hata rangi haijapauka. Akasema nimwekee huo. Mimi niliuliza kama ninunue sponji mpya nimjaze upya, Wawira akakataa: ukimjaza sponji nyingine ataonekana kama ng’ombe kwa njia tofauti. Basi ngozi iko kwangu, imekunjwa, ule mshono juu.

Nilikukasirikia kidogo, nisikufiche. Ulimtii ukamwacha abebe lawama zangu miaka yote, na wewe ukachukua shukrani. Lakini nakujua. Nadhani ulishukuru mpaka ukashindwa kusema, na kila ulipomvaa kiboko baada ya hapo, vidole vyako vilikuwa vinapita juu ya kazi yake.

Paa fundi ataliziba mwezi huu. Wawira nimemleta Embu akae nami wiki mbili, apumzishe kifua, na keshokutwa nampeleka Kianjokoma kuwaona dada zake. Tangu asubuhi ananisahihishia Kiembu changu mbele ya wateja, na wateja wanafurahi.

Ameniuliza naandika nini kirefu hivi. Nikamwambia ni barua yako, kama ana neno. Amefikiri sana, sindano mkononi, kaptula ya mtoto wa mtu magotini.

“Mwambie,” amesema, “nilifurahi kubaki.”

Pumzika vyema, Baba.

Binti yako,
Makena