Chupa ya Hewa ya Shemeji

Jumatatu, 9 Juni

Chanjo ya ng'ombe tangu alfajiri. Baridi kali, vidole havikunjiki. Kisha tena kwa punda milia yule aliyenaswa na mtego, kule kwenye birika la maji.

Waya bado uko. Mguu wa mbele wa kulia, juu kidogo ya kwato. Kebo ya breki ya pikipiki, watega nyama wanaitumia siku hizi. Mguu umevimba. Yeye hukubali watu wamkaribie hadi hatua thelathini tu, ukisogea zaidi anaondoka, na kilema chake hivyohivyo.

Nikapiga. Mshale wa dawa ya usingizi ulianguka chini kabla ya kumfikia. Bunduki hii inatumia gesi ya kaboni, vichupa vidogo, na gesi hiyo ikipata baridi inalegea. Naye anakuja kunywa alfajiri tu. Jua likipanda keshaingia porini.

Papa Kabwe, mchunga ng'ombe wetu, aliokota mshale akaufuta kwenye suruali yake. Akanirudishia.

Jumatano, 11 Juni

Leo nilivibeba vichupa kwapani njia nzima ili vipate joto. Papa Kabwe alicheka. Hata mimi ningejicheka.

Mshale ulimfikia ukamgusa pajani, ukadondoka. Ngozi haikutoboka. Alinigeukia akaniangalia kidogo, kisha akaendelea kunywa. Hicho ndicho kilichoniumiza.

Vimebaki vichupa viwili. Mjini havipatikani tena.

Patron, mwenye shamba, alipiga simu kutoka nyumbani kwake Karavia. "Docta, kama inashindikana tutamupiga risasi, bantu bakule nyama." Amenipa mpaka mwisho wa mwezi. Si mtu mbaya. Ananiambia ukweli tu.

Ijumaa, 13 Juni

Nimeteremka mjini, mtaa wa Kamalondo, kwa Fundi Ilunga. Anatengeneza friji na kuchomelea vyuma nyuma ya duka la washonaji. Aliichukua bunduki yangu, akaichungulia ndani ya mtutu, akacheka mpaka nikakasirika.

"Docta, hii gaz inaogopa baridi. Hewa haiogopake."

Anataka kuachana na gesi kabisa na kutia hewa ya presha kubwa. Hewa ya kawaida, hii tunayovuta, ila imeshindiliwa. Sehemu za kuunganishia atachonga mwenyewe. Mimi nitafute chupa, aina ile wanayobeba waokoaji wa mgodini mgongoni.

Mume wa mdogo wangu, Odilon, ni mwokoaji mgodini. Hapo ndipo shida. Shemeji siyo mtu wa kuombwa ombwa. Nilizunguka na simu mkononi mchana mzima kama msichana anayesubiri posa. Mwishowe nikamwomba mdogo wangu amwambie. Amekubali mara moja. Nimejitesa bure.

Jumatatu, 16 Juni

Odilon amekuja mwenyewe hadi nyumbani, kavaa koti lake la kanisani, chupa kaifunga kwa taulo. Mdogo wangu ametuma vitumbua. Chupa ni ya zamani, wameitoa kwenye kazi lakini bado nzima.

Aliomba msamaha mara tatu. "Shemeki, unisamehe, ni nusu tu. Bantu balikuwa bengi kwa mashini ya kujaza hewa."

Nilimwambia nusu inatosha kabisa. Alitikisa kichwa. Aliona haya kweli, mtu mzima yule, kumletea shemeji yake kitu kisichojaa.

Alhamisi, 19 Juni

Bunduki imekamilika. Imekuwa nzito na mbaya kuitazama, chupa imeninginia chini yake. Lakini inapiga!

Tulijaribu uani kwa Ilunga. Godoro la zamani ukutani, hatua thelathini. Washonaji wote waliacha vyerehani vyao. Mishale iliingia palepale nilipolenga, kina kilekile, mmoja baada ya mwingine. Nilitaka kumkumbatia yule mzee.

Kitu kimoja hakukipata, kile kifaa cha kupunguza presha. Kwa hiyo amepima kila kitu kwa presha iliyokuwamo kwenye chupa, ile nusu. Alinionyesha kimshale cha manometa, ile saa ya kupimia presha. "Tumepima hapa, Docta. Usibadirishe." Nikasema nimesikia.

Jumamosi, 21 Juni

Hakuja kunywa. Wala jana.

Papa Kabwe aliona nyayo karibu na barabara ya Kasomeno. Kwato tatu, na mstari wa mguu unaoburutwa. Nilikaa na bunduki mapajani asubuhi nzima. Hewa imepungua sana kwa yale majaribio, sijui hata ingefika. Sifai kwa lolote leo.

Jumatatu, 23 Juni

Amerudi birikani. Amekonda. Nzi wamejaa kwenye jeraha na bado milia yake ni safi, kama zimepakwa rangi jana.

Chupa nimeirudisha mjini na lori la maziwa. Nimemwambia mdogo wangu kwa simu: Odilon aweke hewa tena. Alisema Odilon ataweka, dada yake nisiwe na wasiwasi.

Jumatano, 25 Juni

Chupa imefika na lori. Wameiosha, inang'aa. Kesho.

Alhamisi, 26 Juni

Naandika kwa sababu nisipoandika nitaanza kujidanganya.

Alikuja kabla ya jua kutoka. Papa Kabwe alinigusa bega. Chupa nilikuwa nimeifunga jana jioni, gizani, mikono imekufa ganzi. Hatua thelathini. Nililenga paja la nyuma, kwenye nyama. Nilikuwa nimetulia. Nakumbuka nilifurahi kwamba nimetulia.

Mlio haukuwa ule wa Kamalondo. Ulikuwa mkubwa. Mshale uliingia wote, hata manyoya yake ya nyuma hayakuonekana, na mguu ukavunjika chini yake. Nilisikia mfupa.

Alijaribu kukimbia kwa miguu miwili. Kisha dawa ikamlaza.

Nilikata waya. Sijui kwa nini nilianza na waya. Kwa koleo, taratibu, kama ndivyo ilivyopangwa. Chini ya waya ule nyama ilikuwa nyekundu, ina damu, hai. Mguu ungepona. Ningeufunga dawa na ungepona.

Mfupa wa paja ulikuwa vipande. Punda milia hawekewi plasta. Nilimchoma sindano ya mwisho na nikashika shingo yake mpaka ikaacha kupanda na kushuka.

Ndipo nikaangalia manometa. Nilikuwa nimepiga mara moja tu na bado kimshale kilikuwa karibu na mwisho wa juu, mbali sana juu ya pale aliponionyesha Ilunga. Chupa ilikuwa imejaa. Kuitazama ni kazi ya kufumba na kufumbua jicho. Sikuitazama.

Papa Kabwe alisema, "Docta, alishasumbuka sana. Basi." Tulimzika. Nyama yenye dawa ile hailiwi, kwa hiyo hata watu wa patron hawakupata kitu.

Ijumaa, 27 Juni

Mdogo wangu alipiga simu kabla sijaamka. Ana furaha. Odilon, kumbe, Jumanne alibaki mgodini baada ya kazi, akangoja wenzake wote waondoke, akaijaza chupa mpaka juu. Ile nusu ya mara ya kwanza ilimnyima raha. Akaipangusa chupa kwa sabuni. Hakutaka niambiwe, alitaka nione mwenyewe.

Halafu akauliza, amepona? Odilon amewasimulia watoto. Wanataka kuja Jumapili kumwona punda milia wa baba yao.

Nilisema karibuni.

Hakuna mtu aliyemwambia Odilon kwamba nusu ndiyo ilikuwa sawa. Mimi ndiye niliyeambiwa. Yeye hana kosa hata chembe, na nikimweleza atalibeba maisha yake yote. Nisipomweleza, nitakaa naye mezani kila Noeli. Nimekaa na simu mkononi tena. Safari hii sikupiga.

Jumapili, 29 Juni

Walifika baada ya misa. Odilon na koti lake, mdogo wangu na sufuria ya wali na kuku, na watoto wamevalishwa soksi nyeupe kuja shambani. Nilimwomba Papa Kabwe asiseme kitu. Aliitikia kwa kichwa tu akaenda kwa ng'ombe.

Kundi lilikuwa mbali, kwenye nyasi kavu. Punda milia sita. Grâce, mtoto wao wa mwisho, alinishika mkono akanyoosha kidole kwa mmoja aliyesimama pembeni.

"Tantine, ni ule?"

Odilon alikuwa nyuma yetu. Alikuwa ameacha kuongea ili asikie.

"Ndiyo," nikasema. "Ni yule."

"Anatembea muzuri."

"Ndiyo. Anatembea vizuri."

Odilon alitoa simu yake, akasogea mbele mpaka kwenye uzio, akampiga picha. Baadaye tulikula.