Alama Nane kwa Goti Bovu

Mpendwa mshauri, salamu nitaziweka mwishoni, maana nikianza nazo nitapata kisingizio cha kuishia hapo hapo. Naomba msaada. Mimi ni mwandishi wa michezo wa gazeti moja dogo, na gazeti letu nalo lina mshauri wake, ila meza yake imegusana na yangu, ndiyo maana nimekuandikia wewe wa gazeti jingine.

Kila Jumatatu natoa alama kwa wachezaji wa timu yetu, kuanzia moja hadi kumi, na watu wa hapa huzisoma hata kabla ya matangazo ya vifo, vinyozi wanazibishania, wakala wa wachezaji anazikata kwa mkasi akawaonyeshe wanunuzi, sasa beki wa kushoto wa timu hiyo ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, kijana tuliyemlea sisi tangu baba yao alipofariki, na msimu ulipoanza wakala alinifuata nje ya uwanja akaniambia, "Kazi yako ni kumpamba tu kwa kalamu, akisajiliwa timu kubwa fungu lako lipo," nami kwa kuwa nalipwa kwa kila habari inayotoka, na malipo yenyewe huja yakipenda, nikakubali, nikapokea na kianzio, nikaezekea nyumba. Mke wangu anaamini gazeti lilinilipa malimbikizo yangu. Mvua ya kwanza ilipopiga mabati alicheka akasema, "Leo tunalala bila sufuria kitandani, kalamu yako imetuezekea," nami nikacheka naye huku roho ikinisuta.

Mwanzoni sikudanganya sana, kijana anajua mpira kweli, sita nikiifanya saba najiambia hakuna aliyeumia, lakini katika mechi iliyopita goti lake lilipata mshtuko, nilimwona kwa macho yangu akichechemea kipindi chote cha pili, winga wa wapinzani akimpita kama hayupo, na nilipokaa kuandika wakala akapiga simu kwamba wanunuzi wanakuja Jumamosi, nisimharibie, basi nikampa nane. Chini yake nikaandika "imara kama kawaida". Shemeji hajui lolote kuhusu mimi na wakala.

Jana alikuja nyumbani, akakaa kwenye kochi, akapandisha suruali mbele ya dada yake, goti limevimba mpaka limepoteza umbo, akasema alimwomba kocha apumzike, na kocha wala hakubishana naye, alifungua droo akatoa gazeti langu, akaweka kidole kwenye jina lake: "Mtu wa nane hana goti bovu. Wewe unaogopa tu kutazamwa na wanunuzi." Mke wangu akanigeukia, "Si ulikuwepo uwanjani wewe? Hukuona?" Nikasema nilikaa upande wa pili. Shemeji akauliza taratibu, "Shem, hiyo nane uliiona wapi?" Nikainuka kwenda kuchota maji ambayo hakuna aliyeyaomba.

Sasa mshauri, wakala anasema kijana atachomwa sindano ya ganzi acheze, dili likishakamilika ndipo atibiwe. Nikisema kweli, dili limekufa, kianzio kinadaiwa, gazeti linanifukuza, na mke wangu sijui atafanya nini. Nikinyamaza, Jumamosi kijana anaingia uwanjani. Je, si afadhali nisubiri dili lipite, halafu nisimamie matibabu yake mimi mwenyewe? Naona kama kuna busara hapo. Salamu zenyewe nimekosa pa kuziweka.

Mpa Alama

*

Mpa Alama,

Nianze na huruma, maana haitarudi tena hapa chini. Kulipwa kwa kuchelewa huku familia ikikinga mvua kwa sufuria ni mateso, na hao wanaokulipa hivyo wana sehemu yao katika goti hilo. Wakala hakukufuata kwa bahati. Aliangalia nani ana shida na nani ana kalamu, akakukuta una vyote viwili.

Lakini hiyo busara yako, ndugu yangu, mimi siioni. Ganzi haitibu goti, inalinyamazisha tu. Kijana atageuka nalo kwa nguvu zote bila kusikia maumivu, na kitakachokatika humo ndani huenda kisiungike tena. Utasimamia matibabu gani hapo? Utakuwa unamshikia magongo.

Tena unaandika kana kwamba kosa lako kubwa ni kianzio. Ni kosa, sikatai: huwezi kula kupitia mchezaji halafu ukampima mchezaji huyo huyo, hata kama kweli angestahili kumi. Aliyenunua gazeti alikuamini uwe macho yake uwanjani. Lakini kinachonikera mpaka sasa ni kijana kwenda kujitetea kwa kocha, akakuta wewe umeshatoa ushahidi dhidi yake. Mwenye goti hakuaminiwa. Uliaminiwa wewe, uliyemlea.

Nimeomba barua yako iruke foleni. Unaposoma hapa ni Ijumaa, kwa hiyo acha kuzunguka na ndoo ya maji. Kaa na mke wako umwambie mabati yametoka wapi, bila kupamba. Atakasirika, na mwache akasirike; usimwombe akuelewe leo. Shemeji yako naye asikie kutoka kinywani mwako, si kwa dada yake. Mwombe radhi, kisha mpelekeni kwa daktari asiyelipwa na klabu, nanyi mrudi na maandishi yake. Mchana huo huo nenda kwa mhariri wako, umweleze yote, na umtake kesho asubuhi gazeti liseme wazi kwamba ile nane haikuwa ya kweli na kwamba mwandishi alikuwa na maslahi yake. Safu utaipoteza. Kazi pia, pengine. Kianzio cha wakala mrudishie kidogo kidogo, na akigoma, ng'oeni hayo mabati mkauze. Sufuria mnajua zinapokaa.

Kwa kocha usitume mtu. Barua yako nimeichapa nzima, sikufuta neno, kwa sababu huyo bwana amekuonyesha mwenyewe kwamba haamini goti lililovimba mbele yake, anaamini gazeti. Basi chukua gazeti hili. Nenda ofisini kwake leo, pamoja na karatasi ya daktari, ufungue ukurasa huu juu ya meza yake, uweke kidole palipoandikwa Mpa Alama, umwambie: huyu ni mimi.