Skrini Lazima Ipate Moto Kwanza

Nakhumicha, huwezi amini. Nimemkatalia Dakta Wanyoike, bosi wetu hapa kliniki ya macho. Mimi, Wahu!

Unajua ile programu niliandika juzi, ya kuwasha skrini ya kupima macho na kukataa kipimo kianze kabla mwanga haujatulia? Leo daktari amekuta wagonjwa wanangoja kwa benchi, skrini bado ni kijivu tupu. "Wahu, ati unaipasha moto kama sufuria ya githeri? Toa hiyo kitu tupime watu."

Githeri! Mbele ya watu wote!

Nikasema, "Sitoi, daktari."

"Unasema?"

"Sitoi. Skrini baridi mwanga wake ni hafifu, hata mwenye macho mazima haoni mistari ya kipimo. Wiki jana ulimpima yule nyanya wa kutoka Lugulu ikiwa hivyo, ukamwambia macho yanakufa, aachane na cherehani."

Nyanya mwenyewe alikuwa hapo, nilimwita arudi kupimwa. Akasogea kwa benchi, akaacha nafasi. "Mimi nangoja. Si hata wewe uketi, mwanangu?"

Na akaketi, bana! Dakta Wanyoike, kwa benchi!

Skrini ilipopata moto, nyanya akaona hata ile mistari myembamba kabisa. Ameenda nyumbani kushona.

Mimi nimeitwa ofisini Jumatatu nijieleze. Nitaenda. Lakini programu sitoi.