Picha ya Mama Mlangoni

S.L.P. 17,
Kakuma.
14 Julai 2013.

Mpendwa kaka Lochakapong,

Ejok? U mzima? Kifua kimepoa? Uliandika kwamba baridi ya huko Naivasha inakukohoza usiku kucha na blanketi ni moja tu. Hapa kwetu ukitema mate hayafiki chini, yanakaukia njiani. Laiti ningeweza kukufungia jua kidogo kwenye bahasha hii, nadhani hata askari wa gereza wasingelinyakua.

Sisi ni wazima wa mwili. Baba mdogo Ekuru anasumbuliwa na goti, ila mdomo haumsumbui. Anagombana na kila mtu kama ulivyomwacha. Mdogo wetu Ejore amekwenda Lokichar kwa watu wanaotafuta mafuta, wamempa kazi ya kulinda lango. Anasema analinda shimo ambalo hajawahi kuliona.

Nilisikia kwamba kasisi wenu ndiye aliyekupa habari za mama. Nashukuru hukuzisikia ukiwa peke yako. Homa ilimkaa siku sita, ya saba akawa hanijui tena, na kabla ya jua kukolea akatuacha. Tulimzika hapa hapa bomani. Nimenyoa nywele na shanga zangu zote nimezivua. Mpaka leo nikiamka nasikiliza kama atakohoa. Inauma, kaka, wala sijui kuisema kwa namna nyingine.

Sasa nije kwenye lile uliloniomba. Uliandika kwamba miaka tisa hujamwona, sura yake imeanza kukutoka, na kwa kuwa mimi ndiye mpiga picha wa nyumbani, nikutumie picha yake. Barua yako nimeikalia wiki nne. Picha ipo, nimeiweka humu ndani. Kama umeshaitoa, irudishe kwanza kwenye bahasha unisikilize.

Unajua kwamba mwaka jana niliingia darasa la upigaji picha kule kambini, ambako wenyeji kama mimi tulisoma pamoja na wakimbizi. Mwalimu wetu, Abul, Msudani mwenye miwani na maneno makali, alitupa kamera moja kwa watu watatu: mimi, Deng na Nyakuoth. Tulipokezana siku. Kadi ya kuhifadhia picha ilikuwa ndogo, kwa hiyo kila mtu aliruhusiwa kubakiza picha kumi tu. Nyingine alizifuta kabla ya kumkabidhi mwenzake.

Alitufundisha kuigawa fremu mara tatu, mtu asikae katikati. Alitufundisha pia kwamba lenzi ina tundu la kuingiza mwanga, linapanuka na kujibana kama mboni ya jicho. Ukilipanua sana kwenye jua letu, anga na mchanga vinaungua, vinabaki vyeupe tupu. Kwa Abul, kuunguza anga ilikuwa dhambi.

"Wewe Namuria," aliniambia mbele ya darasa zima, "hii picha ni ya kitambulisho ama? Mtu iko katikati kama mti, na nyuma yote umechoma." Wakacheka. Unanijua, mimi kuchekwa siwezi.

Mwezi wa Novemba, siku yangu ilipofika, nilikuja na kamera nyumbani. Mama aliposikia, aliingia ndani akakawia. Alipotoka alikuwa amevaa shanga zake zote, mpaka zile za harusi, shingo haigeuki, uso ameupaka mafuta unang'aa. Jua lilikuwa kali na macho yake yalikwisha kuwa mabovu, hakuweza kulitazama. Kwa hiyo aliketi mlangoni akaligeuzia mgongo, nami nikawa ndani. Akaweka mikono magotini, akaikazia lenzi macho kama mtu aliyeitwa na chifu. Nilimwambia atazame pembeni, akae kikawaida. Alikataa katakata.

Nilimpiga mbili. Ya kwanza nililifungua tundu mpaka namba nne, kwa ajili ya uso wake. Uso ulitoka wote: mikunjo, lile kovu la kwenye nyusi, pengo la meno ya chini, hata kicheko alichokuwa anakizuia. Lakini nyuma yake kote kuliungua, na mwenyewe alikuwa katikati kabisa.

Ya pili nilimweka kulia mwa fremu, nikapima mwanga wa nje, nikalibana tundu mpaka namba kumi na sita, maana namba ikikua tundu linapungua. Nje ikatoka nzuri ajabu. Mchanga, nyayo za mbuzi, miti ya mikoma kando ya mto, vumbi la lori lililokuwa likielekea Lokichoggio. Mama akatoka mweusi tii, umbo tu.

Jioni ile niliifuta ya kwanza. Sikubonyeza kwa bahati mbaya, kaka. Niliitazama, nikamkumbuka Abul na kicheko cha wenzangu, nikaona ni picha mbaya.

Ile ya pili Abul aliisifu mpaka nikaona haya. Mwezi uliopita ikapelekwa Lodwar kwenye maonyesho ya vijana. Nilikwenda, siku kumi na tisa baada ya kumzika mama. Wameitundika ukutani, chini wameandika "Mwanamke wa Kiturukana". Bwana mmoja mwenye tai akanishika mkono, akasema, "Sista, hii picha iko juu sana. Mpaka nyayo za mbuzi zinaonekana!" Nyayo za mbuzi. Nilitoka nikaenda kulia nyuma ya jengo, na niliporudi alikuwa bado anaisifu.

Barua yako ilipofika nilimkimbilia Abul. Alikaa kwenye kompyuta asubuhi nzima akijaribu kuuvuta uso utoke gizani, zikatoka chenga za kijani tu. Akavua miwani. "Pole, dada. Mahali mwanga haikuingia, mashine haina kitu ya kutoa." Na nyingine hakuna. Kitambulisho mama alikikwepa maisha yake yote, na simu zetu hazina kamera.

Nilifikiri kukudanganya kwamba kamera iliharibika. Lakini kuna jambo ambalo sijamwambia mtu. Baada ya picha ya kwanza, mama aliomba aione. Macho yake hayakuweza kuona kitu kwenye kile kioo kidogo, akanirudishia. Akauliza tu, "Lochakapong akiiona hii, atanijua?"

Nikamwambia, "Atakujua."

Baba mdogo Ekuru anakusalimu, anasema usiache kusali. Ejore anakusalimu kutoka Lokichar. Shangazi Abei anakutumia salamu na machozi, maana hana kingine. Mungu akutie nguvu humo ndani, akulinde na hicho kifua, akurudishe tungali hai.

Sasa itoe. Usitazame mchanga wala mikoma. Tazama kulia, pale penye weusi, chini kidogo ya kizingiti cha juu cha ule mlango wetu mfupi. Hapo ndipo macho yake yalipo. Nilipomwambia atazame pembeni alikataa, kwa sababu alikuwa anakutazama wewe.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na niliyekukosea,

Namuria