Waziri Nje ya Lango Lake

Jumapili, tarehe 9

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko ugenini, wewe na wapwa zangu. Natumaini kikohozi cha yule mdogo kimepungua, na kwamba wenyeji wenu bado wana uso wa kucheka. Mimi ni mzima wa mwili; ya moyo utayasoma.

Barua yako niliipata Ijumaa. Unauliza mumeo alikamatwaje, na unamlaani dereva kwa kumuuza. Nitakueleza kwa mpangilio, maana niliyaandika katika shajara yangu siku zilezile, kabla hofu haijaanza kuyapamba.

Shemeji unamjua kuliko mimi. Alianza na wachukuzi wa kituo cha mabasi, akawa kiongozi wao kwa kumng'oa meno aliyemtangulia, akapanda hivyohivyo hadi akawa Waziri wa Usalama. Watu walimwita Nyundo, naye akalipenda jina. Kwa ajili yako alinipa kazi ya mkuu wa mabawabu nyumbani kwake. Sheria yake ya lango unaikumbuka: kila asubuhi ofisi yake ilitutumia neno jipya, na asiyelitaja haingii, awe nani. Siku moja ya mvua alijifanya amelisahau. Bawabu tuliyemwita Mpole akamwonea huruma, akafungua. Shemeji alimvunja kifundo cha mkono kwa rungu mbele yetu, akasema leo ni yeye, kesho ni adui mwenye sauti kama yake. Wewe uliambiwa Mpole ameanguka ngazini.

Jumatatu ile, mchana, redio ilitangaza kwamba Waziri amefutwa kazi na anatafutwa na polisi kwa mauaji ya wachuuzi wa sokoni. Ndugu wa marehemu hawakungoja polisi. Walilizuia gari lake barabarani, wakalivunja vioo. Dereva akakimbilia huku, yeye kule. Alifika langoni kwa miguu, shati limelowa damu, jicho moja limeziba, umati wenye nondo ukimfuata.

Alitaja neno la jana. La siku hiyo hakuwa nalo, kwa kuwa ofisi ilishamfuta tangu asubuhi. Ufunguo nilikuwa nao mkononi. Nilimtazama kupitia tundu la lango, naye akaniona.

"Shemeji, fungua, wananiua."

Nami, dada, nikamjibu, "Neno la leo, Mheshimiwa."

Sijui ulikuwa woga, utii au kisasi. Jiwe lilimpata mgongoni, nondo ikamvunja bega, nami nimesimama kama mlingoti. Mpole ndiye aliyeninyang'anya ufunguo kwa mkono wake mzima. Alifungua, akatoka, akamsukumia ndani. Kisha alipoona watu wamekaribia mno, akabaki nje na kulisukuma lango kwa mgongo wake mpaka likafungika. Nikatia komeo. Nilisikia kichwa chake kikigonga chuma, tena na tena, hadi kikaacha.

Polisi walipofika kuwatawanya watu, nilikuwa nimeshamficha shemeji chumba cha jenereta, kwa ajili yako. Walipekua nyumba nzima, wakaamini ameruka ukuta wa nyuma. Nilimfunga bega kwa shuka, nikamnywesha maji. Jumanne asubuhi alipoweza kusema, aliniuliza ni nani aliyefungua. Nikamwambia ni Mpole, na kwamba amekufa. Nilitegemea machozi, au walau kimya.

"Yule hafundishiki," alisema. "Ningemvunja yote miwili."

Halafu akaniagiza nitafute gari la taka limfikishe mpakani, aje kwako. Nikasema sawa, Mheshimiwa. Nilipotoka nilimkuta mke wa Mpole amechuchumaa langoni, anasugua damu ya mumewe kwa mchanga, hataki kusaidiwa. Nikampita, nikaenda moja kwa moja kituo cha polisi.

Dereva mwache. Hajui lolote, na mpaka leo amejificha kwa shangazi yake. Aliyemuuza mumeo ni mimi, ndugu yako wa tumbo moja, uliyenisihi nimtunze. Polisi walimburuta kwa bega lilelile lililovunjika, wakampiga mateke hadi akatapika, nami nikatazama mpaka mwisho, kwa kuwa niliona si haki kugeuza uso. Yu hai. Kesi yake ni mwezi ujao, na nimeitwa kutoa ushahidi. Nitasema aliyoyatenda, nitasema pia kwamba mimi nilimwacha nje, na kwamba komeo lililomwacha Mpole nje nililitia mimi.

Wape wapwa zangu mkono wangu. Kuhusu baba yao waambie utakaloona linafaa. Kuhusu mimi usiwafiche. Ukiamua kwamba huna tena ndugu, nitakuelewa, wala sitakusumbua kwa barua nyingine. Lakini mpaka utakaponijibu, nitabaki kuwa

Mdogo wako.