Idi ya Pongwe

Mkwaja,
9 Machi 1957

Dada yangu Mastura,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na mumeo Uweso na watoto. Mimi mwili ni mzima, ila moyo umejaa, na leo sitauzuia.

Mama yetu amefariki Jumatano. Najua hutalia. Ulilelewa na Baba Mdogo Sadalla, ukaolewa na mwanawe, ukafunzwa kwamba mama alimtilia baba sumu kwenye futari. Mimi nilikuwa tumboni. Wazee wa Ngamiani walikaa barazani wakaamua kwamba nyumba nzima ilikuwa imefunga isipokuwa mama, kwa ajili ya mimba, basi nani mwingine angesogelea chungu mchana? Ndevu tele, akili hamna! Kana kwamba sumu hutiwa kwa mdomo.

Baba Mdogo naye aliapa kwamba siku ile alifunga, akafuturu msikitini kwao Pongwe, ndipo akaja Ngamiani kumkuta nduguye anatokwa povu. Wakampa pole, na shamba la minazi la baba juu yake.

Mwezi uliopita nilikwenda Pongwe kwa Mzee Jumbe, aliyekuwa muadhini. Aliposikia habari ya kufuturu alicheka. Mwaka ule Pongwe waliuona mwezi, Ngamiani hawakuuona. Siku aliyokufa baba, Pongwe ilikuwa Idi. Sadalla aliswali asubuhi, akala wali wa watu, akaaga kwamba anakwenda mjini, huku kwetu Ngamiani. Njia ya mwongo fupi. Na wale wazee wetu habari ya mwezi wa Pongwe iliwafikia, wakabishana juu yake wiki nzima. Kuifungamanisha na kiapo cha Sadalla hakuna aliyeweza.

Nikaenda kwa Bi Sabiha, jirani yetu wa zamani. Akanieleza kwamba alasiri ile alipita uani akamkuta Sadalla peke yake, amefunua chungu, mdomo mwekundu kwa tambuu. Mumewe alimkataza kujiingiza, na wenye busara hawakumuuliza, maana ni mwanamke. Huyo Sadalla ndiye leo mnambusu mkono.

Nilimpelekea mama habari hizi nikidhani atafurahi. Hakushtuka hata kidogo. Alijua tangu siku ile. Sadalla alimwambia akifungua mdomo, wewe, mtoto wa miaka minne, hatakuona tena duniani. Akanyamaza, akaitwa muuaji miaka ishirini na minne, ili wewe ule, uvae, uolewe. Kila nilipokulaani kwa kutokuja kumwona, alinikemea. Siku mbili kabla hajafa aliniapisha nisikwambie kamwe, isije nyumba yako ikavunjika.

Nimeapa, na nimevunja. Kafara yangu nitalisha maskini kumi. Miaka yote hii nimekudharau, dada, na sijui kama nimeacha.

Nibusie watoto. Babu yao usimpe salamu zangu.

Ni mimi mdogo wako,
Mwanasiti binti Kombo