Mbuzi Kumi na Wawili wa Karatasini

Shemeji yangu mpendwa,

Salamu zikufikie hapo Mombo ulipojibanza. Ningeweza kukuandikia barua ya peke yako, nikaibandika vizuri kwa gundi. Lakini nakujua. Ungeisoma, ungenisamehe kimyakimya, ungeikunja ukaiweka chini ya mkeka, na watu wangeendelea kusema kwamba mwalimu wa kwanza wa Kwamsisi alikuwa hajui kufundisha. Kwa hiyo naipeleka kwenye gazeti huko Tanga, waisome makarani, maakida na kila mwenye macho. Mhariri akiogopa baadhi ya maneno na ayakate. Jina langu asiliguse.

Unakumbuka ulivyofika kwetu kutoka Pangani? Kanzu mbili, sanduku la chaki, na miguu laini kama ya bibi harusi. Nilikucheka mbele za watu. Mimi, mnyapara wa wapagazi, nimekwenda Tabora mara mbili na kurudi, nikapita mbele hadi kuona ziwa ambalo ng'ambo yake haionekani, halafu naletewa mtu mzima anayekaa na watoto kuimba a, e, i, o, u! Hukukasirika. Uliniambia taratibu, "Shemeji, Tabora umefika, lakini kuandika jina lako bado hujafika." Wakati huo hata dada yangu ulikuwa hujamposa, ushaanza kuniita shemeji. Nilinuna siku mbili. Ya tatu nikaja kukaa nyuma ya watoto wanaonifika kiunoni, maana ile miezi minane ya shule ya Tanga, kabla sijaikimbia fimbo, ilikuwa imeniachia nusu ya herufi tu. Nusu ya pili umenipa wewe. Na watu walipouliza nafanya nini mle ndani, ukawajibu, "Ananisaidia kutuliza watoto." Ndivyo ulivyo. Aibu ya mwenzio unaifunika kabla hajaiona mwenyewe.

Kisha ukaja ule mtihani.

Zamani watoto ulikuwa ukiwapima mwenyewe. Huyu asome barua ya baba yake aliye safarini, yule ahesabu punje za mahindi. Wadachi wakasema hapana. Maswali yatatungwa Tanga, yatafungwa ndani ya bahasha, na yatakuwa yale yale kwa kila shule ya pwani na bara. Shule ikishindwa, mwalimu anaondolewa. Mtoto anayeamka akaona meli na mtoto anayeamka akaona ngedere, swali moja! Hiyo ni akili ya fundi anayeshona kanzu moja kwa watu wote wa wilaya, halafu anamchapa ambaye haikumwenea. Na hao ndio waliokuja kutufundisha kufikiri.

Boma la Handeni likakuita uende kupewa maagizo. Kabla ya kuondoka ukanishika bega. "Shemeji, wewe una ulimi na watu wanakusikiliza. Nikusanyie wazazi uwaeleze. Waambie ni maswali tu ya kupima watoto wamejifunza nini. Wasiogope. Mbuzi watakaotajwa ni wa mfano." Nikakuambia, "Nenda, shemeji. Kazi hiyo ndogo kwangu." Huo "mfano" sikuuelewa. Ningekuuliza, lakini mtu aliyefika Tabora anaulizaje?

Ijumaa baada ya sala wakakusanyika. Nilivaa lile koti langu la vifungo vya shaba, jua likiwa utosini. Nikawaeleza habari za Tanga, za reli, za nyumba yenye ngazi ndani. Mtihani wenyewe nikaugusa mwishoni. Mzee Mhando, yule babake Saidi mwanafunzi wako, akainua mkono.

"Mwanangu, umesema watoto wataulizwa hesabu. Hesabu ya nini?"

"Ya kila kitu, mzee. Mbuzi, nyumba, mashamba."

"Mbuzi wa nani?"

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema sijui. Mimi nikasema, "Wenu! Mnadhani Mdachi ametoka na mbuzi wake kwao?" Wakaangua kicheko. Shemeji, kile kicheko kilinipendeza kuliko chakula. Sikuona kwamba wazee walikuwa wamekwishaacha kucheka na wanatazamana.

Maana watu wetu nawe unawajua. Wakiona karatasi ya serikali wanajua ni kodi, wanaficha kuku. Akida akikohoa, nusu ya kijiji iko porini. Wakatoka pale wakaenda kuwafundisha watoto wao kwa bidii ambayo hawajawahi kuitia kwenye kilimo. Mbuzi hatuna. Nyumba ni moja, nayo imelala upande. Bibi mmoja alimkalisha mjukuu wake kwenye kinu, akamkaririsha tangu asubuhi hadi adhuhuri, "Sisi tunalala chini, tunakula majani." Nikapita, nikaona, nikajisemea, ama kweli watu wameuelewa mtihani.

Ukarudi na Mzungu wa boma siku hiyo hiyo ya mtihani, mkaingia moja kwa moja. Mimi nilisimama mlangoni. Akafungua bahasha, akamwita Saidi kwanza, maana ulimwambia kwa fahari kwamba huyu ndiye bora.

"Baba yako ana mbuzi kumi na wawili. Anauza watano. Wanabaki wangapi?"

"Baba yangu hana mbuzi, Bwana Mkubwa."

"Sikiliza. Baba yako ana mbuzi kumi na wawili."

"Walikufa."

"Wote?"

"Wote, Bwana Mkubwa. Hata hao watano aliouza."

Saidi! Mtoto aliyekuwa akijumlisha mamia kichwani huku akipiga miluzi! Na waliomfuata ni hivyo hivyo. Aliyeulizwa kuhusu nyumba tatu zenye watu wanne wanne alijibu kwamba nyumba ni moja na mama amehama. Mzungu akaandika sifuri, akaandika sifuri, hata kalamu ikawa inajiendea yenyewe. Mtu amevuka bahari, amesoma vitabu vizito kama matofali, lakini hakufika pale pa kujiuliza kwa nini watoto wa kijiji kizima wamefiwa na mbuzi siku moja.

Akakugeukia. "Mwalimu, miaka miwili umefundisha nini?"

Ulikuwa umeshajua. Saidi alikunong'oneza kwamba mimi ndiye niliyesema mbuzi ni wa kwao. Ulinitazama pale mlangoni. Kisha ukasema, "Kosa ni langu, Bwana. Sikuwaeleza vizuri."

Nikakohoa, shemeji. Mimi nisiyenyamaza popote, nilikohoa tu.

Ukaondolewa. Mwanaidi, dada yangu na mke wako, akakusimamia mlangoni akakuita mwalimu wa mbuzi, akasema umemwaibisha kwa ukoo mzima. Ulichukua sanduku lako ukashika njia ya Mombo peke yako bila kumjibu, kwa sababu jibu lilikuwa mimi, nami nilikuwa nimekaa hapo hapo barazani nakula muhogo. Muhogo ulishuka. Hicho ndicho ninachokidharau zaidi katika habari hii yote, kuliko bahasha ya Mdachi: kwamba muhogo ulishuka vizuri.

Sasa sikiliza. Mwaka huu bahasha imerudi. Mwalimu waliyetuletea ana kifua cha kupiga kelele na fimbo ya kuzijibu. Kueleza wazazi hawezi, anasema ni kazi ya washenzi kuelewana wenyewe. Basi wazee wakaja kwangu tena. Kwangu! Nikasema nitawaeleza, na safari hii sikuvaa koti.

"Shikamoo, mzee Mhando. Tuseme una mbuzi kumi na wawili."

"Marahaba. Sina."

"Najua. Tuseme."

"Akida akisikia hiyo tuseme?"

Nikataka kupasuka. Kisha nikamuuliza, "Mzee, ukiwahadithia wajukuu kwamba sungura alikuwa na shamba la mahindi, akida amewahi kwenda kumdai sungura kodi?"

Akafikiri, akacheka. "Hajawahi."

"Basi mbuzi wa mtihani ndio shamba la sungura. Ni wa hadithi. Mtoto ahesabu tu, halafu wanapotea."

Wakaelewa wote, mpaka yule bibi wa kinu. Mzee Mhando akanikazia macho. "Kwa nini mwaka jana hukutuambia hivi?"

Nikasema, "Kwa sababu nilikuwa sijui, nikaona haya kusema sijui. Mwalimu aliniagiza vizuri. Aliyewapoteza ni mimi."

Mwanaidi alikuwa pembeni anapukuchua mahindi. Alisimama, akaingia ndani, nikasikia anafunga nguo za safari.

Saidi amefaulu. Amekaa mwaka mmoja zaidi na watoto aliowapita kimo, lakini amefaulu. Watampeleka Tanga, atoke karani, kisha arudi na daftari kuhesabu mbuzi wa kweli wa baba yake. Kwa hiyo sitawacheka sana wale wazee. Mtihani waliukosea. Kumjua aliyeuleta hawakukosea.

Nakuandikia nikiwa stesheni ya Korogwe. Barua hii itateremka Tanga kwa treni, sisi tunapanda Mombo, kwa hiyo tutakufikia kabla yake. Mwanaidi amekaa kwenye benchi, amenipa mgongo tangu tulipotoka nyumbani. Nilipomsomea yote haya alisema neno moja tu: "Ungesema mapema." Ila amekubali nimbebee mzigo. Mimi niliyekuwa mnyapara wa wapagazi sitini, nautwika kichwani peke yangu, na watu wa Korogwe wananitazama. Acha watazame.

Tukibisha, mfungulie yeye. Maneno aliyokuambia mlangoni anakuja kuyarudisha mwenyewe. Mimi nitakaa nje. Ukiniita, nitaingia. Usiponiita, nitautua mzigo kizingitini, nitarudi Korogwe kwa miguu, na gazeti litakaposomwa watu watajua nani alikuwa mwalimu.

Wako aliyekosa,
Shemeji yako Hamisi, kaka yake Mwanaidi, wa Kwamsisi